Tufananapo na Sokwe: Tuone Haya au Tushukuru?

Kijana arudi nyumbani likizo kutoka shule ya sekondari. Jioni, chakula kikiisha, awaeleza wazazi wake aliyojifunza katika somo la biolojia: ya kuwa maandiko yaliyofichika ndani ya mwili wa binadamu yafanana na yale ya sokwe karibu herufi 99 katika kila 100. Baba akunja uso. "Mwanangu," asema, "babu yako alikuwa mtu, na babu yake alikuwa mtu. Hayo ya nyani waachie hao waliokufundisha." Mama anyamaza. Kijana naye anyamaza, lakini moyoni aanza kupima: ama mwalimu wangu ni mwongo, ama katekista wangu.

Wasomaji wapenzi, mazungumzo ya namna hii hutokea katika nyumba nyingi za Wakristo wetu, wala si jambo la kuchekwa. Kijana aliyeuliza neno la kweli akajibiwa kwa hasira, hataacha kuuliza. Ataacha kutuuliza sisi. Atakwenda kuuliza kwingine, na huko aweza kujibiwa kwamba yeye ni mnyama tu kama wanyama wengine, na ya kwamba sala na Sakramenti ni mambo ya wazee. Ndiyo maana leo twapenda kulitazama jambo hili bila woga na kwa utaratibu: kwanza, elimu yasema nini hasa, pili, imani yetu yasema nini, tatu, yatupasa tufanye nini.

ELIMU YASEMAJE

Mwili wa kila kiumbe chenye uhai umejengwa kwa chembe ndogo mno. Ndani ya karibu kila chembe mna uzi mwembamba uitwao DNA, na katika uzi huo yameandikwa maagizo ya kuujenga mwili: rangi ya macho, umbo la mfupa, namna damu ichukuavyo hewa. Maagizo hayo ndiyo yaitwayo vinasaba. Yameandikwa kwa herufi nne tu, ambazo wataalamu huziita A, T, C na G, na katika binadamu herufi hizo zapata kama bilioni 3. Umbo la uzi huo, mfano wa ngazi iliyosokotwa, lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick huko Cambridge, Uingereza, kwa msaada wa picha za eksirei zilizotokana na kazi ya Rosalind Franklin.

Herufi hizo nne ni zile zile katika mgomba na katika ng'ombe, katika dagaa wa ziwani na katika hamira ichachushayo mkate. Tena kanuni ya kuzisoma, tatu tatu, ni moja karibu kwa viumbe vyote. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani waliondoa katika hamira vinasaba ambavyo haiwezi kuishi bila hivyo, kimoja kimoja, wakaweka mahali pake kinasaba cha binadamu kinacholingana nacho. Katika vinasaba zaidi ya 400 walivyojaribu, karibu nusu vilifanya kazi, na hamira ikaishi.

Wala tusidhani kwamba elimu hii ilizaliwa katika nyumba ya adui. Aliyeufungua mlango wake ni padre mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, Gregor Mendel, katika mji wa Brno, ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki. Tangu mwaka 1856 alipanda njegere katika bustani ya monasteri, akazihesabu kwa uvumilivu kwa muda wa miaka kama minane, mimea ipatayo 28,000, hata akazigundua kanuni za urithi. Alizieleza mbele ya wenzake mwaka 1865, nao hawakuelewa uzito wake. Alifariki mwaka 1884, na mwaka 1900 ndipo ulimwengu ulipotambua alichokiona mtawa yule.

Turudi kwa sokwe. Mwaka 2005 wataalamu wa mataifa mbalimbali walitangaza maandiko ya mwili wake. Walipoyalinganisha na ya binadamu herufi kwa herufi, walikuta tofauti ya karibu herufi moja na robo katika kila 100. Hiyo ndiyo asili ya ile hesabu ya karibu 99. Lakini kuna mahali ambapo vipande vizima vimezidi kwa huyu na kupungua kwa yule. Vikitiwa katika hesabu, tofauti yafikia karibu 4 katika 100. Tena hata ile moja na robo si ndogo: ni herufi kama milioni 35. Sisi tufanyao kazi ya gazeti twalijua jambo hili. Herufi zichapazo habari za Injili ndizo zichapazo bei ya mahindi; na herufi moja ikikosewa, "kupenda" huwa "kupinda". Aidha, kinasaba kile kile chaweza kuamriwa kufanya kazi mapema au kuchelewa, sana au kidogo, na hapo viungo vya mmoja vikakua tofauti na vya mwenziwe.

Uzi wa DNA umekunjwa katika vifungu viitwavyo kromosomu. Binadamu ana 46, sokwe ana 48. Viazi mviringo navyo vina 48, wala hakuna aliyemwona sokwe akiota shambani! Basi hesabu peke yake yaweza kumpoteza mtu. Sisi tuna mbili pungufu kwa sababu kromosomu mbili za kale ziliungana zikawa moja, na alama ya kiungo ingali ikionekana hata leo.

Kuna dalili nyingine yenye nguvu zaidi. Mbuzi hujitengenezea vitamini C mwilini mwake. Binadamu hawezi, ndiyo maana akikosa matunda na mboga siku nyingi fizi zake hutoka damu. Sokwe naye hawezi. Mabaki ya kinasaba cha kazi hiyo yamo ndani yetu na ndani yake, lakini yameharibika. Mwalimu akikuta katika madaftari mawili kosa lile lile mahali pale pale, hujua kwamba yamenakiliwa kutoka daftari moja. Vivyo hivyo wataalamu, wakiona dalili nyingi za namna hii, husema kwamba mwili wetu na mwili wa sokwe una asili moja ya zamani mno, ya mamilioni ya miaka. Hawasemi kwamba sokwe wa leo ndiye babu yetu. Wasema kwamba yeye na sisi ni kama matawi mawili ya mti mmoja, yaliyoachana zamani.

IMANI YASEMAJE

Je, Mkristo aone haya? Tujiulize kwanza Maandiko Matakatifu yalituambia tumetoka wapi. Kitabu cha Mwanzo hakisemi kwamba Mungu alimfanya mtu kwa dhahabu, wala kwa mwanga wa nyota. Chatufundisha kwamba alitumia mavumbi, na ya kwamba wanyama nao walitoka katika ardhi ile ile. Kila mwaka, Jumatano ya Majivu, twasogea mbele ya altare, mzee na mtoto, tajiri na maskini, padre atutie majivu na kutukumbusha asili yetu. Hakuna atokaye kanisani siku hiyo akilalamika kwamba ametukanwa. Basi mtu akubaliye kwamba ametoka mavumbini, aona haya gani akiambiwa kwamba mavumbi yake yalipitia njia ndefu? Sokwe si duni kuliko vumbi.

Tena Eklezia haikungoja leo kulitafakari jambo hili. Mwaka 1950 Baba Mtakatifu Pio wa XII, katika waraka wake Humani generis, aliwaruhusu wataalamu na wanateolojia kuchunguza kama mwili wa binadamu umetokana na kiumbe hai kilichotangulia. Lakini alilishika neno moja lisilolegezwa, kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe moja kwa moja. Mwaka 1996 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa II, akiwaandikia wataalamu wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi, alikiri kwamba mafundisho juu ya mageuzi ya viumbe yamekwisha kupita kiasi cha kuwa dhana tu. Naye akalirudia neno lile lile juu ya roho.

Hapa ndipo lilipo fundo. Elimu huhesabu herufi, na kwa kazi hiyo yastahili sifa. Lakini roho haina herufi za kuhesabiwa. Anayesema kwamba binadamu ni karibu sokwe kwa sababu maandiko ya miili yao yamefanana, amepima nyumba akamsahau mwenye nyumba.

Katika msitu wa Gombe, mkoani Kigoma, Jane Goodall alianza mwaka 1960 kuwatazama sokwe kwa saburi, siku baada ya siku. Mwaka ule ule aliona sokwe akichukua unyasi, akauingiza katika kichuguu, akavua mchwa akala: kumbe sokwe ajua kutumia chombo. Wachunguzi wamewaona pia mama sokwe wakibeba kwa siku kadhaa watoto wao waliokufa, wasitake kuwaacha. Mambo haya ni kweli, na hatuhitaji kumshusha sokwe ili tumpandishe mtu. Lakini katika miaka yote hiyo ni binadamu aliyekaa na daftari akiandika habari za sokwe. Sokwe hakuuliza habari za asili yake. Kijana akosaye usingizi kwa sababu ya swali kama hili, ameonyesha kwa kuuliza kwake kwamba ndani yake mna roho iitafutayo kweli, iwezayo kutubu, iwezayo kumsamehe adui na kumsujudia Muumba. Roho hiyo hakuirithi kwa baba wala kwa mama. Aliipewa na Mungu, aliyemwita kwa jina lake.

HATARI MBILI

Twalisisitiza neno hili kwa sababu kila mahali ambapo utu ulipimwa kwa umbo la mwili, maovu makubwa yalitendeka. Mwaka 1906, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani pamoja na orangutani, na watu wakaja kwa maelfu kumtazama na kumcheka. Wachungaji Weusi wa Marekani walipiga kelele, wakisema kwamba huyu ni mtu mwenye roho, na hatimaye akaondolewa. Mwaka 1916, akiwa amekata tamaa ya kurudi kwao, alijiua. Waliomtia katika nyumba ile walijidhania watu wa elimu. Leo elimu imewahukumu: watu wawili wo wote duniani, wa rangi yo yote na wa kabila lo lote, hufanana karibu herufi 999 katika kila 1,000.

Nasi tusijidhanie safi. Shuleni watoto wasikika wakiitana "nyani" kwa sababu ya sura. Wakubwa nao, hata njiani kutoka Misa, hutaja watu wa kabila jingine kana kwamba si watu kamili. Anayefanya hivyo amejenga kibanda chake kidogo kando ya ile nyumba ya nyani ya Bronx.

Hatari ya pili imo zaidi nyumbani mwetu. Mwaka 1959 daktari Mkatoliki wa Ufaransa, Jérôme Lejeune, pamoja na wenzake Marthe Gautier na Raymond Turpin, walitangaza kwamba watoto wenye hali iitwayo Down huzaliwa na kromosomu 47, ile ya ishirini na moja ikiwa tatu badala ya mbili. Lejeune aliwapenda watoto hao, akatumaini kwamba ugunduzi huo ungefungua njia ya kuwatibu. Kwa huzuni yake aliona nchi nyingi zikiutumia kuwatafuta watoto hao tumboni mwa mama zao ili wasizaliwe. Aliwatetea mbele ya wakubwa wa elimu, ingawa jambo hilo lilimpotezea heshima kwa wengi. Alifariki siku ya Pasaka mwaka 1994, na mwaka 2021 Eklezia ilimtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu mwenye kustahili heshima.

Sisi huenda hatuna mashine hizo katika kila zahanati. Lakini tuna chumba cha nyuma. Wako watoto wa namna hii wafichwao humo wageni wajapo, wasiopelekwa shuleni, wasiopelekwa mafundisho ya Komunyo ya kwanza, na mama zao wakinong'onwa kisimani kana kwamba wamelaaniwa. Wapenzi, kromosomu 48 hazimfanyi sokwe kuwa mtu zaidi yetu, na kromosomu 47 hazimpunguzii mtoto huyo utu hata chembe. Mungu alipomwita hakuhesabu kwanza.

YATUPASA TUFANYE NINI

Enyi wazazi, mtoto akileta swali gumu kutoka shuleni, msimfukuze. Kama hamjui jibu, si aibu kumwambia, "Mwanangu, tumuulize Padre, tumuulize na mwalimu." Neno hilo moja lamfundisha kwamba kweli haiogopi kuulizwa, na ya kwamba nyumba ya Mkristo ni mahali pa kuuliza. Na mtoto aliye katika chumba cha nyuma, mtoeni. Mleteni kanisani Jumapili ijayo, mkae naye mbele, si mlangoni.

Enyi walimu, fundisheni elimu yote mliyokabidhiwa, wala msiipunguze kwa kuogopa maneno ya watu. Lakini msiongeze yasiyomo. Anayesema, "Tumefanana na sokwe, kwa hiyo hakuna Mungu," ameitoka biolojia bila kuaga.

Enyi vijana, someni kwa bidii. Mendel alikuwa padre, Lejeune alikuwa baba wa familia aliyesali, na hakuna kati yao aliyelazimika kuacha kimoja ili ashike kingine. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Imani mliyopokea katika ubatizo si mbacha uliochakaa; mwaweza kuketi juu yake na kusoma kitabu cho chote cha elimu ya kweli.

Tena sote twapaswa kushukuru kwa ufanano huu, maana umewaponya wengi. Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aliyekuwa akifa kwa kisukari alichomwa sindano ya dawa iliyotolewa katika kongosho la ng'ombe, na baada ya dawa hiyo kusafishwa vizuri zaidi, akapata nafuu. Ndiyo insulini. Ile ya nguruwe hutofautiana na yetu katika kiungo kimoja tu kati ya 51, na kwa miaka mingi wagonjwa wa kisukari duniani kote waliishi kwa insulini ya wanyama hao wawili. Tangu mwaka 1982 hutumiwa pia insulini itengenezwayo na bakteria waliotiwa kinasaba cha binadamu, nao huyasoma maagizo yetu na kuyatii. Kama viumbe visingeandikwa kwa herufi moja, mgonjwa aliye jirani yako asingeipata dawa hiyo.

Na palipo na ukoo pana wajibu. Kwa kuwa miili yetu imekaribiana, kikohozi cha binadamu chaweza kumwua sokwe, na magonjwa yamewapata sokwe wa Gombe kwa njia hiyo. Ndiyo maana wageni huko huamriwa kukaa mbali nao. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba dunia ni nyumba yetu sote, na ya kwamba kuitawala maana yake ni kuitunza. Anayechoma msitu kwa uvivu wa kulima, na anayemtesa mnyama kwa mchezo, ajue kwamba anaharibu kazi ya Mwandishi yule yule aliyemwandika yeye.

Mwisho, tulikumbuke fumbo lililo kuu kuliko yote. Mwana wa Mungu alipojifanya mtu, hakujitengenezea mwili wa namna nyingine, safi na wa mbali na wetu. Alitwaa mwili huu huu tumboni mwa Bikira Maria: wenye damu hii, wenye njaa hii, ulioandikwa kwa herufi hizi hizi nne zilizoandika samaki aliowagawia watu na punda aliyempanda akiingia Yerusalemu. Katika mwili huo aliteswa, katika mwili huo alifufuka, na mwili huo ameketi nao kuume kwa Baba. Yeye, aliye Mungu, hakuona haya kufanana na viumbe vyake. Sisi ni nani hata tuone haya?